Asiyesikia la Mkuu na Asivunjike Guu

Methali ya kwanza ya Kiswahili niliyoikariri nikiwa kidato cha kwanza ni "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu". Wengi wetu tuliosoma Kiswahili Uganda tulizipokea methali hivyo, kwa orodha ubaoni, kabla hatujapata hata mtu wa kuzungumza naye lugha yenyewe. Hii ilinikaa kichwani kwa sababu ya vina vyake, na pia kwa sababu ya ahadi iliyomo ndani yake: usiposikia, utavunjika. Siku hizi naona kwamba methali hiyo imemwacha nje mtu mmoja, na ndiye anayenisumbua. Ni yule asiyesikia la mkuu, akaenda zake, na guu lake likabaki zima.

Nimemchagua mtu huyo kutoka mwambao wa Ziwa Victoria. Ni nahodha wa boti aliyepata onyo kwamba kutakuwa na upepo mkali na radi, akapakia abiria, akavuka, akafika salama. Je, ametenda kosa? Nimewauliza wanafunzi wenzangu wengi swali hili, na jibu la kawaida ni swali jingine: "Si amefika?" Mimi nadhani amekosa, na kwamba kufika kwake hakupunguzi kosa hilo hata chembe. Hata hivyo, nadhani pia kwamba maneno haya yakisemwa harakaharaka na mtu aliyeketi kwenye kiti kikavu mjini Kampala, yanawaonea watu ambao hawastahili kuonewa. Sehemu kubwa ya insha hii inahusu namna ya kusema la kwanza bila kuangukia katika la pili.

Kwanza lazima tukubaliane kwamba onyo la hali ya hewa ziwani ni jambo lenye msingi, kwa sababu wapo wanaosema kwamba ziwa halitabiriki na hivyo mjadala umekwisha kabla haujaanza. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Maji mengi kiasi hicho hujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea ufukweni. Ndiyo maana mawingu ya alasiri hujijenga juu ya vilima na mashamba. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake, na upepo hutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa. Huko pepo hizo hukutana, na hewa iliyojaa unyevu haina pa kwenda ila juu. Matokeo yake ni radi na dhoruba za usiku wa manane na alfajiri. Mwaka 2016 kundi la watafiti lililoongozwa na Mbelgiji Wim Thiery lilichapisha uchunguzi juu ya dhoruba hizi na jinsi zinavyoweza kuongezeka ukali kadiri dunia inavyopata joto. Mwaka uliofuata watafiti haohao walionyesha kwamba ukali wa mvua za radi za alasiri juu ya nchi kavu, zikitazamwa kwa setilaiti, unasaidia kukisia ukali wa dhoruba za usiku juu ya maji.

Sasa mtazame mvuvi wa mukene, samaki ambaye Watanzania humwita dagaa na Wakenya omena. Huvuliwa usiku, kwa taa, na usiku ulio bora ni ule usio na mbalamwezi. Yaani kazi yenyewe inamtaka mtu awe katikati ya maji saa ileile ambayo pepo zinakutana. Hakuna aliyepanga hivyo kwa ubaya. Samaki hufuata mwanga, na dhoruba hufuata joto la maji, na mvuvi yupo katikati ya sheria hizi mbili.

Maonyo nayo yapo. Mwaka 2011 ulianzishwa mradi wa majaribio katika wilaya ya Kalangala, ambapo wavuvi walitumiwa ujumbe wa simu wenye rangi zinazofanana na taa za barabarani: kijani kwa usalama, nyekundu kwa hatari kubwa, na nyingine za katikati. Baadaye, kuanzia 2017, ulikuja mradi mkubwa zaidi wa nchi zinazolizunguka ziwa, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na utabiri wa ziwa ukaanza kusomwa redioni kwa lugha za wenyeji. Kwa hiyo nahodha wangu si mtu wa kubuni. Ana simu mfukoni, na kwenye simu mna onyo.

Mwanafalsafa aliyenisaidia kuliona kosa lake ni Mwingereza W. K. Clifford, ambaye mwaka 1877 aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini. Anatoa mfano wa mwenye meli aliyetaka kusafirisha wahamiaji. Meli ilikuwa kuukuu, imeshatengenezwa mara kwa mara, na mwenyewe alikuwa na wasiwasi. Lakini wasiwasi ulikuwa na gharama, basi akaanza kuubembeleza. Akajiambia kwamba meli hiyo imeshinda dhoruba nyingi, na kwamba Mungu hataziacha familia hizi maskini ziangamie. Mwishowe akaamini kwa moyo mweupe kabisa kwamba meli ni salama, akaiaga kwa furaha, na ilipozama akachukua fedha za bima. Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vile, ingawa aliamini kwa dhati, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha anaongeza hatua ambayo ndiyo ninayoihitaji hapa: tuseme meli haikuzama. Tuseme ilifika, na ikasafiri tena mara nyingi. Hatia inapungua? Anajibu kwamba haipungui. Mtu yule hakuwa mwema bali alikuwa tu hajakamatwa na matokeo.

Nilipousoma mfano huu mara ya kwanza nilidhani shauri limekwisha. Weka nahodha mahali pa mwenye meli, weka ujumbe mwekundu mahali pa wasiwasi, na hukumu inatoka yenyewe.

Halikwisha, na aliyelifungua tena ni mzee mmoja wa mwaloni. Likizo iliyopita nilikaa siku chache Katosi, mwalo wa wilaya ya Mukono, nikiwasaidia ndugu zangu wanaofanya biashara ya samaki wakavu. (Kwa msomaji wa nchi jirani: neno "mwalo" ni lilelile linalotumika Mwanza, maana ziwa lina msamiati wake usiojali mipaka.) Mzee huyu amekuwa nahodha tangu kabla sijazaliwa. Nilimuuliza kama huwa anasoma ujumbe wa hali ya hewa.

"Nasoma, mwanangu. Hiyo simu ilisema nyekundu mara tatu mwezi uliopita. Mara tatu tulienda. Mara tatu tulirudi."

"Na mara ya nne, mzee?"

"Wewe unaijua ya nne?"

Siijui, bila shaka. Yeye pia haijui, na watu wa utabiri hawaijui. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Onyo la hali ya hewa halisemi "utazama". Halisemi hata "dhoruba itakuja". Linasema kwamba uwezekano wa dhoruba leo ni mkubwa kuliko siku nyingine. Tuseme uwezekano wenyewe ni 3 kati ya 10, ambao kwangu ni mkubwa wa kutosha kumzuia mtu mwenye akili. Ukifanya hesabu, katika manahodha 100 watakaopuuza maonyo matatu ya namna hiyo, karibu 34 hawatakutana na dhoruba hata mara moja. Na hata watakaokutana nayo, wengi watafika, wakiwa wamelowa na kuchafukwa na tumbo. Basi mwaloni patakuwa na watu wengi wenye ushahidi wa kweli, walioupata kwa macho yao wenyewe, kwamba nyekundu ni uongo. Hakuna hata mmoja wao anayedanganya.

Mfano mkubwa wa hili tuliuona kwa majirani zetu wa pwani mwaka 2019. Kimbunga Kenneth kilikuwa kinaelekea mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Mtwara shule zilifungwa, ofisi zikafungwa, watu wakaambiwa watafute mahali salama. Tarehe 25 Aprili kimbunga kikatua kusini ya Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, na kisiwa cha Ibo kikabomolewa karibu chote. Watu wa Mtwara waliamka wakazikuta paa zao. Kwa mtu wa kaskazini ya mto, onyo lile halikutimia, na kwa mtu wa kusini lilitimia kupita kiasi. Lakini siku moja kabla lilikuwa onyo moja, limetokana na mahesabu yaleyale na picha zilezile za setilaiti, na lilikuwa sahihi kwa wote wawili kwa maana moja tu inayowezekana: kwa yaliyojulikana wakati ule, kujikinga ndiyo ilikuwa busara. Anayesema kwamba Mtwara "walidanganywa" anaupima uamuzi kwa kitu ambacho hakuna mtu angeweza kuwa nacho wakati wa kuamua.

Nahodha wetu anafanya hivyohivyo, ila kwa upande wa pili. Anaupima uamuzi wake kwa guu lake zima.

Cicero anasimulia habari za Diagoras, Mgiriki aliyesifika kwa kutoamini miungu. Rafiki yake alimwonyesha picha nyingi zilizowekwa hekaluni na watu walioweka nadhiri katikati ya dhoruba wakaokoka. Rafiki akamuuliza kama picha zote hizo hazimshawishi. Diagoras akajibu kwamba ni kweli, kwa sababu wale waliozama hawakuchorwa popote. Kisa hiki kina miaka zaidi ya elfu mbili, na kila jioni kinarudiwa kwenye mialo yetu bila hekalu. Wanaozungumza mwaloni ni waliorudi. Waliozama hawana zamu ya kusema. Hata idadi yao hatuna, kwani takwimu inayorudiwa mara nyingi ni ya vifo 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka katika ziwa zima, na upana wa takwimu hiyo peke yake unaonyesha jinsi hesabu ilivyo dhaifu. Watu 2,000 wanaweza kuwamo au kutokuwamo, na hakuna mtu anayeshtuka. Sijui nchi kavu ni wapi tungevumilia hesabu kama hiyo.

Kwa hiyo kosa la kwanza la aliyevuka salama ni kwamba amezalisha ushahidi mbovu. Safari yake moja imekuwa hoja kwa kijana atakayevuka kesho kwa injini dhaifu zaidi. Kosa la pili ni lile la Clifford, kwamba aliwabebesha wengine hatari ambayo hawakuijua. Naona la pili ndilo zito, na ndilo linalonilazimisha kurudi kwa yule mzee na kumtetea kidogo.

Mwenye meli wa Clifford alibaki ufukweni. Hili ni jambo ambalo wanafalsafa wa darasani tunalipita kirahisi. Alipeleka watu mahali ambapo yeye hakwenda, na walipokufa yeye alipata fedha. Nahodha wa Katosi anakaa kwenye usukani wa injini, na boti ikipinduka, maji ni ya wote. Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe iliyojaa kupita kiasi ilizama karibu na pwani ya Mpatta, Mukono, katika hali mbaya ya hewa, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mmiliki wake alikuwamo, na yeye na mkewe walikufa pia. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba aliwatumia wengine kama ngao. Alikosea, na kosa lake liliua watu, lakini si kosa la yule wa bima. Kuhatarisha maisha ya wengine huku ukihatarisha na ya kwako ni kosa tofauti na kuyahatarisha kwa faida. Sidhani ni dogo zaidi kila wakati, maana mtu anayejiamini mno anaweza kuua wengi kwa sababu hasa haogopi kufa. Lakini linahitaji jina lake.

Na sasa ongeza tumbo. Huku kwetu mvuvi wa kuajiriwa huitwa baria, neno ambalo mwanafunzi yeyote wa Kiswahili atalitambua: ni baharia aliyepoteza silabi njiani akitoka pwani. Baria hana boti wala nyavu. Hulipwa mgawo wa mauzo baada ya mafuta kutolewa. Usiku asiotoka halipwi, na zile siku za giza katika mwezi ni chache, ambazo zikipotea mbili au tatu zimeondoka na karo ya mtoto. Mwenye boti, ambaye upande wa Tanzania huitwa tajiri hata kama si tajiri, mara nyingi yuko nyumbani. Hapo ndipo nilipomwona mwenye meli wa Clifford kwa uhakika. Sikumwona kwenye usukani. Nilimwona akipiga simu saa kumi na mbili jioni kuuliza kwa nini boti bado iko mchangani.

Historia ya utabiri wenyewe inathibitisha kwamba mgogoro huu si wa kwetu peke yetu. Mwaka 1859 dhoruba iliizamisha meli Royal Charter kwenye pwani ya Wales, watu zaidi ya 400 wakafa. Robert FitzRoy, ambaye hapo zamani alikuwa nahodha wa meli ya Beagle iliyomchukua Darwin, akaanzisha maonyo ya dhoruba mwaka 1861. Habari zilipelekwa bandarini kwa telegrafu, na alama zikapandishwa mlingotini ili mabaharia wazione. Miongoni mwa waliomlalamikia walikuwamo wenye majahazi ya uvuvi, kwa sababu alama zikipanda, wavuvi walikataa kutoka na siku ikapotea. FitzRoy alijiua mwaka 1865. Mwaka uliofuata maonyo yakasimamishwa, wanasayansi wakisema kwamba hayakuwa na msingi wa kutosha. Mwaka 1867 yalirudishwa, kwa kuwa watu wa pwani waliyadai. Napenda jambo moja katika kisa hiki. Waliokaa ufukweni walihesabu siku zilizopotea, na wale waliokuwa wakienda majini walitaka alama zirudi, pamoja na makosa yake yote. Mtu akitaka kujua kama onyo lenye kukosea mara nyingi lina thamani, amuulize anayekwenda nalo majini na wala si anayelipwa anaporudi.

Mwenzangu mmoja darasani alipinga hoja yangu kwa ukali, na pingamizi lake ni la kweli kiasi kwamba naliweka hapa. Alisema: ukishakubali kwamba kosa liko kwenye uamuzi na wala si kwenye matokeo, lazima uwaadhibu sawasawa nahodha aliyefika na nahodha aliyezamisha watu thelathini. Nani atakubali hilo? Thomas Nagel aliliandikia swali hili mwaka 1976, akitoa mfano wa dereva asiyekagua breki zake. Mtoto akikatiza barabara, dereva ni muuaji. Mtoto asipokatiza, ni mzembe tu anayekwenda nyumbani kula. Tofauti ya wawili hao ni mtoto, na mtoto si tendo la dereva. Bado hisia zetu zote zinakataa kuwaweka kapu moja. Nagel aliona kwamba hatuwezi kuacha mojawapo ya fikra hizi mbili, na akaliacha tatizo likiwa wazi.

Sina uwezo wa kulifunga. Ila naona kwamba pingamizi la mwenzangu linachanganya maswali mawili: kosa ni kubwa kiasi gani, na sisi tunadaiwa kufanya nini juu yake. Aliyezamisha watu ana deni kwa wafiwa. Atawatazama usoni, atawalipa kama kuna cha kulipa, na atabeba jambo hilo usiku. Aliyefika salama hana wafiwa, kwa hiyo hana deni la namna hiyo. Lakini ana deni jingine kwa abiria wake, na kwa kawaida halilipwi kwa sababu hakuna anayelidai. Wao wenyewe hawajui kwamba wanadai. Walishuka, wakachukua mizigo na kuku wao, wakapanda bodaboda. Kama nisingelikuwa ninajua yaliyokuwa kwenye simu ya nahodha, nami ningeshuka nikimshukuru.

Msemo mwingine tunaokimbilia baada ya kila mkasa wa ziwa ni "ajali haina kinga". Naukubali pale unapostahili. Lakini MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebeba watu wengi kuliko uwezo wake, na MV Nyerere ilipopinduka karibu kabisa na gati ya Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kwa sababu hiyohiyo, kinga ilikuwa inajulikana. Hazikuwa dhoruba zilizowaua watu wale. Nazitaja kwa sababu zote mbili zilikuwa zimeshafanya safari nyingi kabla ya hapo, na kila iliyofika salama ikihesabiwa kuwa ushahidi kwamba mambo yako sawa.

Kuna hali moja inayoijaribu hoja yangu kuliko pingamizi la Nagel. Wilaya ya Kalangala ni visiwa 84, na vingi ni vidogo, havina kivuko kikubwa wala hospitali. Tuseme mama ana uchungu wa kujifungua tangu asubuhi na mkunga amesema hawezi zaidi. Simu ya nahodha inasema nyekundu. Nahodha anavuka. Onyo ni lile, boti ni ile, upepo ni ule. Akifika, hatumwiti mzembe. Na hata akizama, mimi sitamwita mzembe, na sidhani kama Clifford angemwita hivyo. Kumbe basi kosa la nahodha wa kwanza haliko katika kuvuka kinyume cha onyo. Kama ni hivyo, liko wapi?

Jibu rahisi ni kwamba huyu alikuwa na sababu nzito na yule hakuwa nayo. Lakini uzito wa sababu ni kitu kinachoteleza. Karo ya mtoto wa baria ni sababu. Mzigo wa nyanya utakaooza ni sababu kwa mwenye nyanya. Ukiniachia mimi mizani, nitapima vibaya, kwa kuwa sijawahi kulala njaa kwa ajili ya mbalamwezi. Naona tofauti iliyo imara zaidi iko mahali pengine. Katika boti ya mama mjamzito, kila mtu anajua. Mume anajua, mkunga anajua, mama mwenyewe, kama bado ana nguvu za kusikia, anajua kwamba ziwa leo ni baya na kwamba kubaki nako ni kubaya. Hatari hiyo wameichukua wenyewe kwa macho mawazi. Baria wanaokubaliana wao kwa wao usiku, bila mtu kuwalazimisha kwa simu, nao wako karibu na hali hiyo, na sioni kwamba askari ana haki ya kuwazuia kwa fimbo. Abiria wa boti ya jioni wameingizwa ndani ya uamuzi wa mtu mwingine bila kuambiwa kwamba kulikuwa na uamuzi.

Nilikaa mwaloni nikiwatazama. Waliuliza nauli. Waliuliza saa ya kuondoka. Mwanamke mmoja aliuliza kama gunia lake la mahindi litalowa. Ujumbe wa siku ile ulikuwa kwenye mfuko wa shati la nahodha, na kuusoma kwa sauti kabla ya kufungua kamba kungechukua muda mfupi kuliko kupanga mizigo. Nilimwambia mzee hivyo.

"Nikiusoma, watashuka."

"Basi washuke, mzee."

Alicheka, si kwa dharau. Akaniuliza mafuta aliyokwisha kuyanunua kwa safari ile, nani atamrudishia.